Sura Nane Juu ya Barafu

Mimi shule niliiacha darasa la pili, na sijuti. Waliomaliza wote walikuja kwangu kuandikiwa mbao za maduka yao. Toka Magara mpaka Kigwena, pwani yote hii ya ziwa, hakuna mtumbwi wa maana ambao sikuupaka rangi, na nyumba zangu tatu za matofali hapa Rumonge zimetoka kwenye mkono huu huu, si kwa baba wala kwa serikali. Nayasema haya kwanza ili msomi asinihurumie.

Baada ya Uhuru, mzungu wa kiwanda cha mawese alipofunga masanduku yake, alimwachia rafiki yangu, mwalimu wa shule ya hapa, picha iliyochapwa, ukubwa wa sinia. Meli imekwama kwenye barafu, imelala ubavu, na wanaume wanane, kila mmoja na fimbo mkononi, wanavuta mtumbwi kwa kamba juu ya barafu hiyo. Zamani, huko mwisho wa dunia. Mwalimu alitaka niichore upya, kubwa, aitundike darasani.

"Hayo maji yamebeba watu?" nilimuuliza.

"Yameganda, Fundi. Kama mawese asubuhi ya baridi."

"Mawese yangu yakiganda hayabebi hata kijiko."

"Wewe chora tu. Ubishi peleka kwa waliofika huko."

Nilitandaza turubai ukutani, nikafungua makopo ya rangi ya mitumbwi. Kwa ile barafu nilikwenda Gitaza saa sita mchana, nikatazama ndagala, dagaa wetu wa ziwani, walioanikwa mchangani mpaka macho yakatoa machozi. Ule weupe wenye ubuluu ndani yake ndio nilioupaka. Mzungu mmoja aliyekuja kununua samaki, alipoiona, aliniuliza nimeishi Ulaya miaka mingapi.

Lakini fahari yangu ilikuwa sura. Kwenye ile picha iliyochapwa zilikuwa vidoa tu, na mimi sichori kidoa. Wala sichori sura ya mtu asiyekaa mbele yangu. Basi nikaita wanaume wanane wa hapa: Mwalimu awe wa mbele, nyuma yake fundi cherehani, kisha mpima mawese, na wachuuzi watano wa samaki. Kila mmoja kwa zamu alikaa kwenye stuli yangu, blanketi mpaka masikioni, jua la Rumonge likimchoma. Watu walijaa barabarani kucheka.

"Mwalimu, iko homa?"

"Niko safarini, mama. Kaa mbali, utapata baridi!"

Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni, naye anacheka. Nikamkataza kucheka. Hakunisikia, nikamchora hivyo hivyo, anacheka kwenye barafu.

Picha ilipokwisha sikuitoa. Ilikuwa inaniletea wateja. Kila Mwalimu alipokuja kuidai nilimwambia haijakauka.

"Miaka sita, Fundi?"

"Hii ni rangi ya boti, Mwalimu, si wino wako."

Mwisho akaacha kudai, akawa anawaleta wanafunzi wake kwenye karakana yangu, wamepanga mstari, wanaitazama.

Ndipo ukaja mwaka wa 1972. Damu ilimwagika huku kwetu, kisha askari wa serikali wakaanza kuchukua watu, jina kwa jina, kutoka kwenye karatasi. Fundi cherehani akachukuliwa. Mpima mawese naye. Mke wangu akasimama mbele ya picha.

"Watu wa ukuta wako wanaisha," akasema. "Na wote wako mstari mumoja, na fimbo mukononi. Watasema walikuwa wanakutana hapa, kwako."

Sikungoja. Ijumaa, wenzangu wakiwa msikitini, nilifunga mlango, nikazifunika sura zote nane kwa rangi nyeupe. Nikawavalisha kofia za theluji mpaka kifuani. Niliifanya haraka, na niliifanya vizuri.

Mwalimu alipita kesho yake. Aliitazama muda mrefu.

"Huyu wa mbele ni nani sasa?"

"Mtu yeyote, Mwalimu."

"Ndiyo salama," akasema. Akaniaga kwa amani: "Amahoro, Fundi." Jumatatu wakamchukua. Hakurudi, na hakuna aliyetuambia alipolala.

Miezi ilipita, mke wake akaja. Waliomchukua mumewe walikuwa wamebeba kila karatasi ya nyumba ile: vitabu, diploma, picha zote.

"Shemeji," akaniambia, "mutoto wa mwisho ananiuliza baba alikuwa anafanana namna gani. Niko namuelezea, maneno yananiishia. Imebaki ile ya kwako tu."

Nilimweleza nilichofanya. Hakulia wala hakunilaumu. Aliuliza jambo moja: iko chini bado?

"Iko," nikajibu. "Ni kazi ya nusu saa. Kaa hapo uone."

Akakaa kwenye stuli. Nikachukua wembe na kitambaa chenye mafuta ya taa. Mwanafunzi wa siku moja angejaribu kwanza kwenye kona, kwenye kipande cha anga ambacho hakina mwenyewe. Mimi, ambaye pwani nzima ilinijua, nilianza na sura ya mbele, maana mwanamke alikuwa ananitazama.

Weupe ulilainika. Likaonekana sikio, kisha shavu lenye jasho, na yule mwanamke akainuka kidogo. Nikaongeza mafuta. Rangi ile ile, ya kopo lile lile, juu na chini zilikuwa zimeshikana. Weupe ulipotoka, shavu likatoka nao. Mdomo ulikuja kwenye kitambaa kama tope jekundu. Nikazidi kusugua, nikidhani mbele kutakuwa na afadhali, mpaka nikafika kwenye nyuzi za turubai.

"Basi, shemeji," akasema. "Usimuguse tena."

Nikamwambia nitamchora upya, sura yake ninaijua. Nilikuwa ninaijua kweli? Macho yalikuwa ya rangi gani? Mwanamke akafunga kitenge chake, akasema murakoze, asante, kama mteja aliyehudumiwa, akashika barabara.

Zile sura saba sikuzigusa. Wake za wale wengine waliochukuliwa hawakuja kuziuliza. Nadhani mke wa Mwalimu aliwaambia alichokiona.