Mlango wa Herufi Mbili, Mchafukoge

Vuta kiti, msikilizaji wangu, nikueleze safari yangu ya Dar es Salaam na mama mkwe. Mke wangu alikuwa na mtoto wetu mchanga, Ivan, hakuweza kusafiri. Mama yake ni fundi cherehani, na kwaya ya kanisa ilikuwa imempa kazi ya kushona sare mpya. Kitambaa alitaka akichague mwenyewe, kwa mkono wake na jicho lake. Basi mimi, fundi ujenzi, nikapewa kazi ya kumsindikiza. Mke wangu alinisihi jambo moja tu: mama ana sukari, asikae bila maji.

Tuliondoka Moshi saa kumi na moja alfajiri. Nilinunua chupa kubwa ya maji nikaiweka katikati yetu. Mama alinishukuru, akaishika, hakuifungua. Baada ya Same konda alitangaza kwamba tunasimama kuchimba dawa. Kama hujapanda mabasi ya mbali, hiyo ni lugha ya adabu tu: watu hushuka kwenda haja vichakani, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Mama alibaki kwenye kiti. Mimi nilishuka na kurudi kimya. Kwetu mkwe wa kiume hamtajii mama mkwe habari za choo, naye hazitaji mbele yake.

Korogwe, saa nne na nusu, tulipewa muda wa kula. Nilichagua meza ya pembeni yenye upepo mzuri, nikamwagiza mama supu na chapati. Alikula chapati, supu akaiacha. Siku mbili baadaye ndipo nilipotambua kuwa meza ile ilikuwa kwenye njia ya kwenda chooni. Asingeweza kwenda bila kupita mbele ya macho yangu.

Stendi ya Mbezi, Dar, tulifika saa tisa kasoro. Tukapanda basi la mwendokasi mpaka Kariakoo. Jua la Dar halina huruma kwa mtu wa mlimani, na njia za Kariakoo hazina nafasi ya kusimama: mikokoteni, marobota ya mitumba, watu wanaoita wateja kwa vipaza sauti. Nilimuuliza mama kama amechoka. Akasema yu mzima. Lakini hatua zake zilikuwa fupi, na midomo yake imekauka kama ya mtu aliyefunga.

Mchafukoge, mwendo mfupi kutoka pale, lipo duka la vitambaa la Bi Hansa. Familia yake ya Kihindi inaishi ghorofa ya juu ya duka hilo tangu enzi za babu yake, na Kiswahili chake ni cha mjini kabisa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwambia huyu ni mama mkwe wangu, tumetoka Moshi, akatuketisha juu ya majora. Akamtandikia mama aina tatu za zambarau. Mama alizitazama bila kuzigusa, akasema kwa sauti ndogo, "Zote ni sawa tu."

Hapo nikaogopa. Huyu ni mwanamke ambaye huirudisha sokoni zambarau iliyozidi wekundu kidogo. Kwake vitambaa vitatu haviwezi kuwa sawa. Nikaitazama chupa mapajani mwake. Kizibo chake hakijakatwa. Saa kumi imepita, na mama hajanywa tone tangu alfajiri, kwa kuwa anywaye maji atataka kwenda haja, na mwenzake wa safari ni mkwe.

Kumwambia nilishindwa. Lakini nyuma ya duka, kwenye korido, niliona mlango wenye kibao cha bati: WC. Nikamgeukia Bi Hansa, nikaanza kuongea ufundi, sauti nikiipandisha kidogo ili imfikie mama pale kwenye majora.

Nikamwambia kwamba sisi wajenzi herufi hizo tunazikuta kila siku kwenye ramani za nyumba. Ni kifupi cha Kiingereza, maana yake kijichumba cha maji, yaani choo cha kuvuta. Wajerumani, Wafaransa na Wataliano wamezichukua vilevile, kila mmoja anazitamka kwa ulimi wake. Nilipojenga nyumba ya wageni Marangu, mgeni wa Kijerumani asiyejua Kiswahili wala Kiingereza alizichora kwa kidole kwenye saruji yangu mbichi, nikamwelewa papo hapo.

Bi Hansa alinitazama kwa mshangao. "Mkwe, umetoka Moshi kuja kukagua choo changu?"

"Nasifu tu jengo," nikasema. "Mlango ule pale, naona hauna hata kufuli."

Macho yake yakahama kutoka kwangu hadi kwa mama, yakakaa kwenye ile chupa. Alimshika mama mkono akamwinua. "Twende, dada. Kitambaa hakikimbii."

Mimi nilitoka nje nikasimama kibarazani, nikihesabu magari nisiyoyaona.

Niliporudi mama alikuwa amemaliza nusu ya chupa, na Bi Hansa amemletea kikombe cha uji. Tulikaa karibu saa nzima hadi sauti yake ikarudi. Kisha akazivuta zile zambarau tatu mpaka mlangoni penye mwanga, akazisugua kwa kidole, mbili akazisukuma pembeni.

"Hii inachuja," akamwambia Bi Hansa. "Na hii ni ya matanga, siyo ya kwaya."

"Kumbe ulikuwa unanidanganya kwamba zote ni sawa," Bi Hansa akacheka.

Mama aligeuka kwangu, ila macho aliyaacha kwenye kitambaa. "Baba Ivan, ule mlango niliuona tulipoingia. Nikadhani ni ofisi ya mtu."

"Nilikuonea haya, mama."

"Na mimi nilikuonea wewe. Haya zetu nusura zinizike."

Tulilala kwa ndugu yetu anayekaa Kimara, kesho yake tukarudi Moshi na majora matano ya zambarau. Njiani mama alikunywa maji, na kila kituo alishuka kabla yangu, nami nikatazama upande mwingine.

Nilichojifunza ni kwamba heshima isiyoachiwa upenyo inaweza kumdhuru unayemheshimu. Basi fanya hivi: mgeni wako akifika, hasa mtu mzima, kabla hujamwuliza atakunywa nini, mwonyeshe choo kilipo, kisha uende jikoni umwache peke yake.