Alasiri Aliyoiomba Mama Zuhura

Siku yangu ya kwanza kazini, Masasi, mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, hakunionyesha dawa wala vifaa. Alinikalisha pembeni ya meza yake nimtazame akihudumia foleni ya asubuhi. Hakuna mgonjwa aliyekaa naye dakika tatu. Walipoisha akaniambia, "Mgonjwa akianza kukuuliza maswali, kijana, ujue umemwachia nafasi. Usimwachie." Nikaandika kwenye daftari. Nilikuwa na kidato cha nne na kozi ya mganga msaidizi vijijini, nikadhani nimepewa siri ya kazi.

Siri hiyo nikaenda nayo Newala, kwenye zahanati niliyokabidhiwa peke yangu. Ilikuwa enzi za ruksa, serikali ilipofungulia biashara binafsi, na maduka ya dawa ya watu binafsi yalianza kufunguliwa mjini.

Wagonjwa wa kifua kikuu walichomwa sindano kila siku kwa miezi miwili ya mwanzo, na vidonge walimeza mbele yangu. Sindano zilikuwa za kuchemshwa. Bomba letu lilikuwa kavu, kwa hiyo kila mgonjwa alikuja na kidumu chake cha maji. Nilichemsha mara moja, asubuhi, nikazima jiko.

Mmoja wao, Mama Zuhura, alikuwa sawa kwa umri na dada yangu mkubwa, lakini yeye ndiye aliyeniamkia shikamoo, nami nikaitikia marahaba bila aibu. Wiki ya tatu ya sindano alifika jiko limeshazimwa.

"Daktari, nichome alasiri basi. Asubuhi nateremka bondeni kuteka hayo maji yenu. Kupanda, pumzi sina, nakaa chini mara nne."

"Anza safari mapema."

"Mapema ipi tena? Natoka jogoo hajawika. Wewe mwenzangu unakuja hapa umeshaoga!"

Wanawake kwenye benchi wakacheka. Kicheko kile kiliniuma kuliko kikohozi chake.

"Mama, hapa anayepanga ni mimi. Saa mbili, au usije."

Hakuja tena. Mafuta ya taa ya kuwasha jiko tena yalikuwepo. Alasiri nilikuwa nacheza bao.

Kwenye rejista niliandika kwa wino mwekundu "mtoro", neno letu kwa mgonjwa aliyeacha dawa. Mratibu wa kifua kikuu wa wilaya alipokuja kukagua aliuliza, "Huyu mlimfuata nyumbani?" Nikasema, "Mbishi huyo, mzee." Akatia sahihi.

Mengine nilisimuliwa na mumewe, tukiwa tumetoka kumzika. Mkewe alikuwa anakwenda duka la dawa. Muuzaji, ambaye hakusomea chochote, alimpa kiti, akamuuliza anajisikiaje na anaweza kurudi saa ngapi, kisha akamuuzia vidonge vya kikohozi. "Yule alikuwa anamsikiliza," mume akasema. Hakuniangalia.

Nyinyi mnaosomea tiba leo mnafundishwa kukubaliana na mgonjwa. Sisi hatukufundishwa, lakini sijitetei kwa hilo. Mama Zuhura alinieleza mwenyewe, kwa Kiswahili, mbele ya watu.

Nimestaafu, na sasa tezi dume inanisumbua. Juzi daktari mmoja, binti wa umri wa wanangu, alinieleza habari za upasuaji na za vidonge, uzuri na ubaya wa kila kimoja. Kisha akaweka kalamu chini. "Babu, wewe unaonaje?"

Nikamwomba wiki moja nifikirie.

"Chukua hata mbili, babu. Ukiwa tayari njoo, saa yoyote."

Nimepewa wiki mbili. Mama Zuhura aliniomba alasiri.