Maneno ya Dada kwenye Filamu ya Tajiri

Kosa langu kubwa nililifanya kwenye filamu ya tatu tu: nilichukua maneno ya dada yangu nikayatia kinywani mwa mwanamke wa Kimarekani.

Mimi ni vijei hapa Busia, upande wa Uganda. Filamu za nje nazitafsiri kwa Kiswahili, sauti yangu ikipita juu ya sauti za waigizaji, kisha zinaonyeshwa kwenye vibanda vya video na kuuzwa kwenye flashi. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilisikiliza wenzangu, nikarekodi, nikafuta, nikarekodi tena mpaka koo likauma. Watazamaji wetu hawataki tafsiri kavu. Wanataka mzungu aongee kama jirani yao, la sivyo wanatoka.

Filamu yenyewe ilikuwa ya kuchekesha, ya tajiri mmoja mpenda wanawake. Ana jumba, ana bwawa la kuogelea, na kila mwanamke anaambiwa ni yeye peke yake. Kuna mahali mmoja wao anagundua, anasimama mlangoni akilia. Kiingereza chake kilikuwa maneno mawili matatu, na mimi niliona hayatoshi. Nikajaribu mzaha huu na ule. Yote ilikuwa baridi.

Ndipo nikamkumbuka dada. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, kwa kuuza mitumba sokoni. Alikuwa na mchumba, mwenye malori, kutoka upande wa Kenya. Dada aliipaka nyumba yetu rangi ya bluu kwa ajili ya siku ambayo mwanamume huyo angekuja kujitambulisha kwa wazee. Hakuja. Alikuwa na mwingine Tororo, na mwingine tena sijui wapi. Dada alinililia mimi peke yangu: "Si angeniambia mapema, nisingepaka nyumba rangi."

Nilirekodi sentensi hiyo mara kumi na saba, mpaka ikawa na kwikwi yake hasa. Hata ile bluu niliitaja.

Kibanda kizima kiliangua kicheko. Mwanamke yuko kwenye jumba la tajiri, analilia rangi! Haikupita wiki, wauza mitumba wenzake dada, walioijua nyumba yetu ya bluu, wakawa wanamwita sokoni:

"Mama Bluu, rangi imekauka?"

"Lete brashi, mwenye malori anapita!"

Alikuja chumbani kwangu mchana, bado amevaa aproni ya sokoni. Hakukaa.

"Ile sauti ni yangu?"

"Ni filamu tu, dada."

"Nakuuliza."

"Nilitaka itoke vizuri."

"Imetoka vizuri," akasema, akaondoka. Afadhali angenipiga.

Nilirekodi upya sehemu ile bila maneno yake, nikazunguka vibandani nikiwaomba wafute ya zamani. Mwenye kibanda kimoja alinicheka: "Sasa wewe, unafuta sehemu tamu?" Na flashi zilikuwa zimeshavuka mpaka. Mwezi uliofuata dada alihamishia biashara yake Lumino, akaniachia nyumba.

Siku hizi natafsiri kilichosemwa tu, na watu wanasema nimepoa. Nikienda Lumino dada ananipikia, ananiuliza kama nalala vya kutosha. Mambo yake haniambii tena.