Mama Ananitetea Uhamiaji

Nilizaliwa Kibaoni, lakini kisheria mimi ni mgeni. Nikiwa nazurura Uingereza nilichukua uraia wa huko, nikapoteza wa hapa. Sasa nimerudi kwa mama, nimeomba ukaazi, na jibu halijatoka. Viza yangu ya matembezi ilikuwa inakaribia kuisha. Nisipoongezewa muda, naondoka kwetu. Uhamiaji wakataka mwenyeji wangu, yaani mama, afike mwenyewe.

Alfajiri tulipanda basi la Mpanda. Katikati ya hifadhi ya wanyama, mahali ambapo utotoni nilikuwa nikitafuta twiga, safari hii nilipigana na mbung'o tu, maana dirisha letu lilikuwa halifungiki. Njia nzima nilimfundisha mama.

"Sema nimekuja kukusalimia. Shamba usilitaje. Viza hii hairuhusu kazi."

"Nimesikia, baba. Unarudiarudia kama marehemu baba yako."

Mpanda, ofisini, afisa alikuwa binti mdogo. Alimwamkia mama vizuri, kisha akauliza, "Mgeni wako huyu anashinda wapi mchana?"

"Mgeni gani? Nimemzaa mimi!"

"Sawa, mama. Anashinda wapi?"

Mama akadhani naitwa mzururaji. "Mwanangu si mvivu! Waulize Kibaoni nzima. Mpunga wote kapalilia yeye, mpaka jirani kaniomba nimwazime!"

"Mama!"

"Acha nikusemee, wewe umekaa kimya tu."

Afisa akanitazama. "Kaka, nionyeshe mikono."

Nikaionyesha, na malengelenge yake. "Ni shamba la mama. Silipwi."

"Hulipwi kabisa?"

"Anakula," mama akadakia. "Tena anakula sana!"

Afisa alijizuia kucheka, akaenda kwa mkubwa wake. Tulisubiri nje mpaka jua likawa kali. Mama akala maandazi yake kwa raha, akaniuliza kwa nini nimenuna.

Mchana tuliitwa. "Umeongezewa muda, usubiri jibu lako," afisa akasema. "Lakini jembe weka chini. Nikisikia uko shambani, hata la mama, tusilaumiane."

Jioni, njiani kurudi, tulipopita Sitalike, mama aliniuliza, "Sasa mpunga nitavuna na nani?"

"Si nilikwambia?"

"Ulisema nisilitaje shamba. Mimi nimekutaja wewe."

Nilichojifunza ni kwamba kuruhusiwa kukaa kwenu si sawa na kuishi kwenu. Asubuhi iliyofuata mama alikwenda shambani peke yake. Mezani nilikuta ameniwekea chai, imefunikwa, kwenye kikombe cha wageni.