Trela la Baba Yako na Mizigo ya Watu

Nakumbuka Desemba moja, mwanangu, baba yako na mimi tuligombana karibu wiki nzima juu ya jambo hili hili mnalogombania wewe na mke wako: mizigo ya safari ifungwe juu ya gari, au ivutwe nyuma yake. Jumapili mlipokuja hapa Munyaka mkanionyesha kwenye simu lile sanduku jeusi la plastiki la kufunga juu ya gari, kisha picha ya trela la fundi mmoja wa Huruma, mkaniuliza mama unaonaje, nilicheka nikawaambia mnywe chai kwanza. Sikuwacheka nyinyi. Nilimwona baba yako, Mungu amrehemu, akiwa kijana bado, amesimama mbele yangu akinihubiria faida za trela.

Siku hizo tulikaa Huruma, hapa hapa Eldoret, chumba kimoja cha kukodi chenye pazia katikati. Baba yako alikuwa karani kwenye kiwanda cha nguo, na alikuwa amejipatia Pijo kuukuu, gari ambalo aliliosha kuliko alivyojiosha mwenyewe. Wewe ulikuwa mtoto wa mgongoni. Kanisani ulikuwa umebatizwa Daudi, lakini jina la nyumbani hukuwa nalo, kwa maana hilo ni la babu kutoa, na babu yako alikuwa Kimilili akitungoja. Alikuwa ametuma mtu atuambie kwamba kifua kinamsumbua, na kwamba Desemba hiyo mwanawe asije kama mpita njia. Aje akae, wazungumze, mtoto apewe jina. Ujumbe ulikuwa huo tu, nasi tuliusikia vizuri.

Mimi nilitaka keria. Masanduku hayo yenu ya kufuli hayakuwako, lakini keria ya vyuma juu ya Pijo ilifanya kazi ile ile. Uzuri wa keria ni kwamba ina mwisho. Ukishapanga blanketi, unga, sukari ya nyumbani na sufuria mpya ya mama mkwe, ukafunika turubai na kukaza kamba, hata jirani anaona imejaa. Humwambii mtu hapana, keria inakusemea.

Baba yako alitaka trela. Alisema mzigo wa juu unafanya gari liyumbe upepo ukivuma kule Turbo, mafuta yanaisha mbio, na mvua ikinyesha turubai halizuii kitu. Alisema tukivuta vitu nyuma, sisi tutakaa ndani kama watu, si kama mahindi guniani. Kila alichosema kilikuwa kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Jambo moja hakulisema, ingawa nililijua tangu siku ya kwanza aliponichumbia. Baba yako hakujua kukataa. Na wewe unajua desturi ya watu wa kwetu walioko Eldoret. Ikifika Desemba, mwenye gari linaloelekea nyumbani habebi vyake peke yake. Wale wasioweza kusafiri, kwa sababu ya kazi au kwa sababu nauli imekataa, wanatuma. Mtu akisikia una gari, anakuja na kikapu. Akisikia una trela, anakuja na kitanda.

Trela lilipotoka kwa fundi likaegeshwa nje ya ploti tulikopanga, habari zilitembea Huruma nzima kabla ya rangi kukauka. Mama mmoja muuza mitumba akaleta cherehani ya dada yake. Fundi viatu akaleta godoro la mama yake. Mwingine akaleta mabati, na mwingine baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, akaapa kwamba gurudumu litafuata. Kila mmoja aliuliza vilevile, kwa upole kabisa, "Nafasi si iko?" Na baba yako akajibu iko. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, maana asiyeubeba hajui uzito wake. Huo usufi ulipofika kwenye mteremko wa Kipkarren ukaanza kulisukuma Pijo letu kwa nyuma, nilimkumbuka kila mwenye kanda kwa jina lake, na sikumkumbuka kwa wema.

Tulifika Kimilili jioni, tumechoka hata kusalimia. Babu yako alikuwa getini amevaa koti lake la kwendea kanisani. Nyanya yako akaniambia alikuwa amelivaa tangu asubuhi.

Hapa nikueleze kitu ambacho nyinyi wa leo mnakiona kama mchezo. Kwetu siku zile, mkaza mwana na baba mkwe hawakupeana mikono, wala hawakuongea ana kwa ana ovyo ovyo. Heshima si utumwa. Babu yako alipotaka kuniambia jambo, alikuambia wewe, mtoto ambaye hata kuketi hujui, nami nikasikia. Nilipotaka kumjibu, nilikujibu wewe. Ulikuwa na kazi nyingi kwa umri wako.

Asubuhi iliyofuata baba yako alikunywa chai akiwa amesimama, akatoka na trela kupeleka lile godoro upande wa Misikhu. Alisema ni kwenda na kurudi. Lakini nani amewahi kupeleka godoro kwa mama mzee, godoro kutoka kwa mwanawe wa kiume asiyemwona mwaka mzima, halafu akaliacha mlangoni na kugeuza gari? Aliketishwa. Aliulizwa habari za kijana, kama amekonda, kama anaenda kanisani, kama ameoa. Kuku akakimbizwa. Ukiondoka kabla ya kuku huyo kuiva, umemtukana mwenye nyumba na mwanawe pia. Baba yako alirudi giza limeingia, ameshiba, anaomba msamaha. Kesho yake ikawa zamu ya mabati, na kesho kutwa ile baiskeli ya gurudumu moja.

Babu yako alikaa kwenye kiti chake nje ya nyumba. Asubuhi alisikia gari likiondoka, na liliporudi yeye alikuwa ameshaingia kulala, kwa sababu hewa ya jioni ilimpandisha kikohozi. Nyanya yako alimwomba akupe jina tu, yaishe. Alikataa. Alisema jina halitolewi baba wa mtoto akiwa barabarani. Krismasi ikaja ikapita, baba yako akila huku akitazama trela. Likizo yake ilikuwa inaisha, na tulijua, sote pale nyumbani, kwamba kifua kile hakingengoja Desemba nyingine.

Mimi nilikuwa nimejaa hasira. Asubuhi moja jikoni nikamwambia mama mkwe, kwa sauti niliyodhani ni ya chini, kwamba mwakani ni keria, na watu wa Huruma watafute trela lao. Jikoni kwa nyanya yako ukuta ulikuwa wa udongo, na mzee alikuwa upande wa pili akiota jua, wewe ukiwa mapajani mwake.

Baba yako alikuwa tayari ameshika ufunguo. Ilikuwa imebaki ile cherehani na vikapu vya hapa na pale. Babu yako akainuka taratibu, akakubeba hadi katikati ya ua, mahali ambapo sote wawili tungemsikia, akakutazama usoni.

"Mwambie mama yako," akasema, "mzigo wa mtu si wa kukasirikia. Ni salamu ya mtu aliyeshindwa kuja mwenyewe."

Akapumzika, kwa sababu maneno yalimchosha.

"Na baba yako mwambie, salamu za watu amefikisha zote. Sasa zangu atapokea nani?"

Baba yako alitia ufunguo mfukoni. Kisha akasema basi, vitu vikae, ataviacha kwa jirani, leo haendi popote. Nami moyoni nikasema amina. Lakini mzee akatikisa kichwa. Alisema watu wamemwamini mwanawe, na mwanawe hatawaangusha. Akarudi ndani, akatoka na lile koti na kofia, akamkabidhi mama mkwe mtoto, akaenda moja kwa moja kwenye Pijo akafungua mlango wa mbele.

"Leo na mimi ni mzigo," akasema. "Nipeleke."

Nami nikaambiwa niingie nyuma na mtoto. Kiti chote cha nyuma kilikuwa changu peke yangu, kwa sababu vitu vyote vilikuwa kwenye trela. Hapo nikaacha kulilaumu trela, mwanangu. Kama tungekuja na keria yangu, na vikapu vilivyobaki vikarundikwa ndani, kwa desturi ile mzee na mimi tusingeweza kubanana kwenye gari moja. Ingebidi mmoja wetu abaki, na angebaki yeye.

Ile siku ndiyo ninayoikumbuka kuliko harusi yangu. Baba yako aliendesha polepole, si kwa ajili ya trela. Mzee alimwonyesha kila kitu. Pale ndipo alipochunga ng'ombe, kwenye boma lile ndipo alipokaa mtu aliyemficha siku za taabu, na shamba lile mpaka wake ni mti ule, wala si ule mwingine ambao watu watakuja kumwonyesha. Alimweleza ugonjwa wake waziwazi. Alimweleza alivyomwogopa baba yake mwenyewe, na kwamba hakutaka mwanawe amwogope yeye. Wote wawili walinisahau kule nyuma, nami nikajifanya nimelala.

Kila boma tulilofika, mzee alishuka kwanza. Kulikuwa na rafiki yake mmoja aliyetahiriwa naye pamoja, hawakuwa wameonana kwa miaka mingi ingawa hapakuwa mbali. Magoti tu ndiyo yaliyokuwa yamekataa. Walishikana mabega wakacheka mpaka mzee akakohoa, na yule mwingine akampigapiga mgongo huku bado anacheka. Tulikula kuku wa watu siku ile. Kila mahali babu yako aliomba dua ya nyumba, akawataja watoto waliobaki Eldoret, mmoja mmoja, kama wake.

Cherehani ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Kabla hatujafika, mzee aliomba gari lisimame kando ya barabara. Akamwambia baba yako amchukue mtoto kwangu ampe. Akakushika, akakutemea mate kidogo kifuani kama wazee wanavyobariki, akakuita Wasike, jina la baba yake. Si nyumbani, si mbele ya ukoo, bali barabarani, kando ya trela lenye cherehani ya mtu. Baba yako alilia bila kujificha. Mimi nililia nikiwa nimejifanya nimelala, na hiyo ni kazi ngumu kuliko unavyofikiri.

Babu yako alituacha kabla ya mahindi ya mwaka uliofuata kuota. Kwenye mazishi walikuja watu ambao sikuwatarajia: wenye vile vikapu, yule rafiki wa magoti, dada wa cherehani na majirani zake. Kila mmoja alisema neno lile lile, kwamba Mzee alikuja kwake kumuaga. Hakuna aliyesema mwanawe alileta mzigo.

Sasa turudi kwenye simu yenu. Mkitaka nijibu kama mtu wa kawaida, nitasema sanduku linakinga mvua na wezi, halichezi barabarani likifungwa vizuri, na unaegesha gari bila kumwomba mtu akuelekeze. Trela linabeba zaidi, ila linataka dereva mtulivu, na kurudi nalo kinyumenyume kumevunja ndoa za watu. Mkisisitiza nichague moja, nachagua sanduku, kwa sababu wewe ni mtoto wa baba yako. Hapana hujui kuisema, na mke wako, maskini, ndiye atakayekuwa anahesabu vitanda vya watu pale nje.

Lakini nasaha yangu haiko kwenye sanduku wala kwenye trela. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo bebeni, na mtu akiwapa kitu chake mkifikishe, msimnung'unikie. Ila mkifika, yule aliyewaita awe wa kwanza. Mzigo wa mtu unaweza kungoja hadi kesho na usiharibike. Mzazi anayengoja anapungua kila siku, na yeye mwenyewe hatawaambia. Na msipange vitu mpaka mkafunika viti vyote. Mzee akisema anataka kwenda nanyi, hata kama ni hapo tu kwenye kona, awe na mahali pa kukaa, bila mtu kuanza kuhamisha mabegi huku yeye amesimama anaona aibu.

Nendeni salama, Wasike wangu. Mungu ashike usukani pamoja nawe, awape watoto wako usingizi njiani na macho ya kutazama nje. Na miaka mingi ijayo, kila mtakapofika popote mwendako, asikosekane mtu anayewangoja, wa kuwalaumu kwamba mmechelewa.