Jibu langu la gesi na springi ni sahihi, aliyekosea ni baba yangu wa ubatizo

Admin, jina langu lisionekane, maana hili sijamwambia hata mdogo wangu ninayelala naye chumba kimoja. Mimi ni binti wa miaka kumi na saba, nipo kidato cha tano, PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, tunaishi Nyegezi. Ni mwoga wa kuongea. Kiswahili chenyewe mbele za watu kinanikauka, sembuse Kiingereza cha darasani.

Mwalimu wangu wa fizikia ndiye baba yangu wa ubatizo. Ametoka Bukoba pamoja na wazazi wangu, na Jumamosi huwa anakuja kunifundisha nyumbani bure. Sasa juzi darasani alitoa swali: gesi inapashwa moto ndani ya silinda, inasukuma pistoni, pistoni inabana springi. Tafuta kazi iliyofanywa na gesi. Yeye alichukua presha ya mwisho akazidisha kwa ongezeko la ujazo. Lakini jamani, springi mwanzoni inabanika kirahisi, ukizidi kuibana ndiyo inagoma! Presha inapanda kidogo kidogo. Mimi nikajumlisha ya mwanzo na ya mwisho, nikagawa kwa mbili, ndipo nikazidisha. Akanipiga kosa.

Akaniita ubaoni nieleze kwa Kiingereza. Nikasimama na chaki kama nguzo ya umeme. Akaniuliza, "Mwanangu, hii umekopi wapi?" Mmoja nyuma akadakia, "Mwacheni, chaji imeisha." Darasa zima likacheka. Nilirudi kukaa nimeng'ata midomo, hasira mpaka machozi.

Kinachoniuma zaidi, jana mwalimu kampigia simu baba yangu mzazi kwamba fizikia inanishinda, nihamie HGL, ya historia, jiografia na lugha, kabla muda wa kubadilisha kombi haujaisha. Jumatatu baba ananipeleka kwa mkuu wa shule. Nilipomgusia mama kwamba huenda mwalimu kachanganya, alinijia juu kwa mshangao wa kwao Bukoba: "Waitu! Mtu aliyekusimamia ubatizo leo unamsahihisha? Jeuri hiyo umeitoa wapi?"

Mimi nautaka uinjinia tangu niko shule ya msingi. Niuache kwa kosa ambalo si langu? Na sitaki kumwaibisha mwalimu, ananipenda kweli huyu mzee.

Siku zote akija nasukumia hesabu zangu chini ya godoro. Leo karatasi ya lile swali nimeiacha wazi mezani. Nasikia viatu vyake kibarazani, mama anamkaribisha, sasa anakuja mlangoni kwangu. Nishaurini upesi ndugu zangu: nikishasema shikamoo, akiitika marahaba, naanzia wapi?