Mzizi Si Utani

Siku Salaseini alipojikuta anahesabu vioo vya dirisha, alijua ameharibikiwa.

Dirisha lenyewe lipo nyuma ya kiti cha mgeni, kwenye chumba cha ushauri cha nyumba ya kuwasaidia akina mama wanaopigwa, pale mjini Labasa. Ni yale madirisha ya vioo vyembamba vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Vioo thelathini na viwili, kimoja kimepasuka pembeni. Mbele yake amekaa mama mwenye mkono kwenye plasta, anaeleza mumewe alivyomsukuma ngazini, na machozi yanamdondokea mapajani. Salaseini anaitikia, "Pole, mama. Pole sana." Moyoni anasema kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja.

Na huyu hakuwa mtu wa kazi ya kubahatisha, jamani. Miaka kumi na moja amekaa kwenye kiti cha mshauri. Zamani mgeni akilia, naye analia, wanafutana machozi wakicheka kwa aibu. Wanawake walikuwa wanapanda basi asubuhi na mapema kutoka kwenye mashamba ya miwa, wakifika mlangoni wanasema, "Namtaka yule mnene, simtaki mwingine." Kisha wenzake wawili wakaacha kazi, hakuna aliyeletwa, na wageni watatu kwa siku wakawa saba, wakawa tisa. Ule moyo ukamtoka hivihivi, wala hakuona ulivyoondoka.

Nyumbani ndiyo usiseme. Vani, bintiye wa miaka tisa, alianguka akachubuka goti, akaja analia. Salaseini akafoka, "Hebu nyamaza! Leo nimeona watu wamevunjwa mbavu, wewe unanililia goti?" Mtoto akanyamaza. Tangu hapo akiumia anakwenda kwa jirani.

Sasa lazima nikueleze habari ya Unaisi, msimamizi wa nyumba ile, maana bila yeye hakuna cha kusimulia.

Unaisi na Salaseini walikuwa watani. Si utani wa kuchaguana, ni ule wa kuzaliwa nao, kijiji kwa kijiji, sisi tunauita tauvu. Mtani anaingia jikoni kwako, anabeba sufuria na chakula chake, wewe unabaki kucheka. Anakutukania ukoo mzima msibani na hakuna wa kununa. Salaseini katokea kisiwani, Unaisi milimani, na kila Ijumaa jioni kazi ikiisha walikaa mkekani na wenzao kuzunguka bakuli la yaqona, kinywaji chetu cha mizizi iliyotwangwa, kifuu cha kunywea kikipita mkono kwa mkono, kila mtu akitua mizigo aliyoisikia wiki nzima. Ndio ulikuwa utaratibu wa nyumba. Linalosemwa kwenye bakuli linabaki kwenye bakuli.

Hapo ndipo Salaseini alipojaribu kusema. Na atasemaje kwa mtani wake? Kwa utani.

"Mtani, leo mama wa watu analia, mimi nahesabu vioo vya dirisha. Viko thelathini na viwili."

"Na kile kilichopasuka umekihesabu, au kisiwani kwenu hesabu zinaishia kwenye vidole?" Unaisi akajibu. Mkeka mzima ukaangua kicheko, na Salaseini naye akacheka.

Ijumaa nyingine akasema, "Leo nusura nimwambie mtu arudi kwa mumewe, mimi nikale muhogo wangu."

"Mla macho ya samaki wewe! Tumbo litakuua!"

"Afadhali tumbo. Nyie wa milimani mkiona bahari mnauliza nani kamwaga maji."

Wakacheka mpaka machozi. Salaseini alikuwa anaomba msaada mbele ya watu sita, mwaka mzima, na kila alipoomba anapigiwa makofi. Aliyekosea hapo nani? Hata yeye alikosea. Ukiyavalisha maneno yako nguo za utani, usishangae mtani akiyapokea kwa utani.

Mwisho akaona hapana. Akafanya kama wazee wanavyofanya wakiwa na ombi zito. Akaenda kwa mjomba wake, akachimbiwa mizizi ya yaqona, mizuri, minene. Alipokosa kamba ya kufungia, akachukua utepe wa kijani wa nywele za Vani, ule wa shule. Jumatatu asubuhi akaingia ofisini kwa Unaisi, akakaa chini sakafuni, akauweka ule mzigo mbele yake.

Unaisi akaanza, "Ee, leo wa kisiwani wamekuja kuomba ardhi?"

"Unaisi, leo sitanii."

Unaisi akatazama mizizi. Akashuka kitini, akakaa naye sakafuni kama inavyotakiwa.

"Nimeisha," Salaseini akasema. "Sisikii kitu. Watu wanalia mbele yangu nasikia kama redio ya jirani. Mtoto wangu ananiogopa. Naomba mwezi mmoja nikapumzike kijijini, na nikirudi unipunguzie watu. Nataka kuendelea na hii kazi, Unaisi. Nikiendelea hivi nitamuumiza mtu."

Unaisi akainama, akaugusa ule mzigo kwa mikono miwili, akapiga makofi mazito, yale ya kukubali. "Nimepokea," akasema. "Nitaupeleka kwenye kamati mwenyewe. Wewe ni ndugu yangu." Akamshika shavu. Kwetu mzizi ukipokewa, ombi limepokewa, halina kurudi nyuma. Salaseini alitoka mle ndani miguu myepesi, akaingia chumbani kwake akapokea wageni wanane.

Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili. Vani anauliza, "Mama, utepe wangu uko wapi? Mwalimu ananigombeza." "Utarudi, mwanangu." Salaseini akimtazama Unaisi kwenye korido, Unaisi anamrushia kijembe cha samaki na kupita.

Wiki ya tatu ikaja barua. Imeandikwa na mama mmoja aitwaye Sashi Lata, mke wa mkata miwa. Aliandika kwamba alikuja na mtoto mgongoni, akasimulia mambo ambayo hajapata kumwambia hata mama yake mzazi, na yule mshauri hakumtazama usoni hata mara moja. Alikuwa anatazama dirisha. Alipomaliza, mshauri alimuuliza, "Umesema unaitwa nani?" Sashi Lata alirudi kwa mumewe siku ileile, na wiki hiyohiyo akalazwa hospitali, ndiko alikoiandikia barua.

Salaseini alipoisoma hakuweza kumkumbuka sura. Alikaa na ile barua mkononi akijaribu, akajaribu tena. Sura haikuja, ng'o.

Kamati ikaitwa Jumanne saa nne asubuhi, ajenda moja: Salaseini abaki au aondoke. Mwenyekiti alikuwa Bibi Laite, muuguzi mstaafu, mwanamke mkavu asiyependa maneno mengi, na pamoja naye wajumbe wawili. Salaseini alivaa gauni lake la kanisani, akaingia kichwa chini kama mshitakiwa. Mkeka umetandikwa, bakuli limeshachanganywa, na wakubwa walishakunywa mzunguko wa kwanza wa kufungua kikao.

Pembeni ya bakuli, juu ya mkeka, ulikuwepo utepe wa kijani.

Moyo wake, ule aliodhani umekufa, ukaruka. Kumbe mtani hakunisahau! Kumbe kauleta mzizi wangu mbele ya kamati, kawaeleza, wameunywa, wamekubali! Alimtazama Unaisi kwa shukrani, akakaribia kutabasamu. Unaisi alikuwa anapanga karatasi zake.

Barua ikasomwa. Bibi Laite akamgeukia Unaisi. "Wewe ndiye msimamizi. Mtu hawi hivi kwa siku moja. Ulijua kwamba huyu amechoka kiasi hiki?"

Unaisi akakohoa kidogo. "Hapana, Bibi. Mimi ningejuaje? Hajawahi kuniambia. Kila Ijumaa tunakaa naye hapa, anacheka kuliko wote. Na kusema kweli, maneno aliyokuwa anasema... anahesabu vioo, anatamani kuwarudisha watu kwa waume zao... mimi nilidhani ni mzaha. Sasa naona ndivyo alivyo. Naona bora apumzishwe kazi kabisa, kwa faida ya wageni."

Salaseini alisikia kila neno. Wageni wanane kwa siku alikuwa hawasikii, lakini hili alilisikia mpaka kwenye mifupa. Hajawahi kuniambia! Mwanamke aliyekaa naye sakafuni, akamshika shavu! Na ya kwenye bakuli kayabeba yote kayamwaga mbele ya kamati, ila lile moja lililosemwa juu ya mzizi kalimeza.

Kifuu kikamfikia. Akapiga kofi moja, akakipokea, akakishika bila kunywa.

"Bibi Laite, samahani. Naomba niulize kabla sijanywa. Huu mzizi umetoka wapi?"

"Wa ofisini," Unaisi akajibu upesi. "Ulikuwa kabatini."

"Wa ofisini unafungwa na utepe wa nywele za mwanangu?"

Salaseini akanyoosha mkono, akauokota ule utepe. Kwenye ncha kulikuwa na herufi V ya uzi mweusi, aliyoishona mwenyewe ili usiibwe shuleni.

"Wiki tatu zilizopita nililetea ofisi hii mzizi, nikakaa chini, nikaomba mwezi mmoja kabla sijamuumiza mtu. Ukapokewa kwa makofi. Wakati huo Sashi Lata alikuwa bado hajakanyaga mlango huu. Leo mmeunywa, na mwenye kuupokea anasema sijawahi kumwambia kitu."

Unaisi akacheka, kicheko kidogo cha kukwaruza. "Aah, mtani, jamani! Si tunataniana kila siku? Mimi na wewe nani anajua lini ni kweli lini ni..."

"Mzizi si utani, Unaisi."

Bibi Laite alikuwa ameshika kifuu chake mkononi. Akakiweka chini taratibu, akajifuta mdomo kwa kiganja kama mtu aliyelishwa kitu asichokijua.

"Unaisi. Uliupokea?"

Unaisi akatazama karatasi. "Tulikuwa na watu wengi, Bibi. Ningemtoa yeye, nani angekaa pale? Mngesema nimeshindwa kuendesha nyumba. Kisha barua ikaja..."

"Nimekunywa ombi la mtu bila kuambiwa," Bibi Laite akasema. "Uzee wangu huu. Basi nimelinywa, limekuwa langu. Mwezi mmoja, kuanzia leo, na nafasi yako inabaki yako. Ukirudi, watu watatu kwa siku, wa nne arudi kesho. Sisi wodini tulikuwa tunalijua hili jambo. Huruma inachoka kama mgongo, na aliyechoka mgongo humpi gunia lingine ukamwambia acheke." Akamgeukia Unaisi. "Wewe baki, tuna maneno."

Salaseini alikuwa amekipata kile alichokiomba, chote, na hakufurahi hata chembe. Aliomba jambo moja tu zaidi: aende hospitali kumwona Sashi Lata. "Nataka nimtazame usoni," akasema. "Hata akinifukuza." Bibi Laite akakubali. Kile kifuu Salaseini akakimimina ndani ya bakuli tena bila kunywa, akaondoka.

Alikwishafika getini Unaisi alipomkimbilia, viatu mkononi.

"Mtani! We mla macho ya samaki! Unaondoka na hata hujanitukana?" Alikuwa anahema, anajilazimisha kucheka, na macho yanamwomba. Neno moja tu lingetosha, tusi lolote la milimani, mambo yangekuwa yamekwisha. Ndiyo kazi ya utani.

Salaseini alilitafuta. Miaka kumi na moja matusi alikuwa nayo tele, yanamtoka hata usingizini. Safari hii hakupata hata moja.

"Kwaheri, Bi Unaisi," akasema.

Bi Unaisi! Yule mwanamke akasimama na viatu vyake mkononi. Kicheko kikamkauka mdomoni. Lori la miwa likapita barabarani mbele yao, likawaachia vumbi, na Salaseini akashika njia ya nyumbani.

Alifika akaketi kwenye ngazi, utepe mkononi, na hapo yakaja. Zaidi ya mwaka hakuwa ametoa hata tone la chozi, si kwa plasta, si kwa mbavu, si kwa Sashi Lata. Sasa alilia kwa sauti, mpaka jirani akachungulia.

Vani aliporudi shule alimkuta hivyo. Alisimama mbali kwanza, kama alivyozoea siku hizi. Kisha akauona ule utepe, akasogea, akaketi ngazi ya chini, akaweka mkono wake juu ya goti la mama yake.

"Mama, usilie basi," akasema. "Ni utepe tu. Jirani alinipa mwingine."